Kantangaze hakuja na barua ya utambulisho

Mwanafunzi yeyote anayesoma mambo ya wadudu anajua swali atakaloulizwa akirudi nyumbani likizo: "Umetuletea dawa gani?" Ni swali la haki. Mtu aliyepoteza nusu ya nyanya zake hana muda wa hadithi. Lakini jaribu kumweleza kwamba projekti yako inahusu vinasaba vya mdudu, kwamba unataka kujua ukoo wake na alikotokea, uone atakavyokutazama. "Mkishamjua babu yake ndiyo itakuwaje? Mtamrudisha kwao?"

Cha kushangaza ni kwamba swali hilohilo, kwa maneno ya kisomi zaidi, linaulizwa hata hapa chuoni. Eti kufuatilia asili ya visumbufu vamizi kwa alama za vinasaba ni anasa ya nchi tajiri. Sisi tujikite kwenye dawa, mbegu na mitego. Eti mdudu akishaingia kashaingia, historia yake haimsaidii mkulima. Mimi nasema hapana. Swali la "katokea wapi" siyo la udadisi tu. Ndilo linaloamua tumpige mdudu kwa kitu gani, tumzuie wapi, na kama dawa tunayoinunua leo ilishashindwa miaka mingi kabla hatujaiona dukani. Na nasema zaidi: sehemu ya jibu lake tunaitupa wenyewe kila mwisho wa mwaka wa masomo, kwenye pipa la taka la maabara.

Wageni tulio nao

Hebu tuwataje wachache, maana tumewazoea mpaka tunadhani ni wenyeji. Dumuzi wa mahindi, yule anayegeuza gunia zima kuwa unga kabla halijafika mashineni, kwao ni Meksiko na Amerika ya Kati. Alitambuliwa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kwa ukali wake baadhi ya wakulima wakamwita Scania, kama lile lori. Nzi wa matunda wa Asia, anayewaharibia watu maembe, aligunduliwa Kenya mwaka 2003 na kwetu mwaka huohuo. Kantangaze wa nyanya, ambaye jina lake la kisayansi ni Tuta absoluta, alithibitishwa Tanzania mwaka 2014. Viwavijeshi vamizi viliripotiwa Afrika Magharibi mapema mwaka 2016, na ilipofika 2017 tayari vilikuwa kwenye mahindi yetu.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawa wamekuja, na mwenyeji ndiye aliyelazwa.

Hakuna hata mmoja kati yao aliyefika na barua ya utambulisho. Hakupita kwa mwenyekiti wa mtaa, hakugongewa muhuri mpakani. Walichokuja nacho ni miili yao, na ndani ya miili hiyo vinasaba vyao. Humo ndimo safari ilimoandikwa.

Kisa cha kidung'ata asiyekuwa yeye

Kabla ya kueleza safari hiyo inavyosomwa, tuanze na kisa cha wakati ambapo hakukuwa na namna rahisi ya kuisoma.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, kidung'ata wa muhogo, mdudu mweupe anayeonekana kama aliyenyunyiziwa unga, alijitokeza Kongo, pande zote mbili za mto, Kinshasa na Brazzaville. Kutoka hapo akawa anavuka nchi baada ya nchi, akidumaza vichipukizi vya zao ambalo mamilioni ya watu wanalitegemea kwa ugali na kisamvu. Muhogo asili yake ni Amerika ya Kusini, kwa hiyo wataalamu walijua kwamba mdudu naye lazima ametoka upande huo, na kwamba huko ndiko waliko maadui wake wa asili. Lakini Amerika ya Kusini ni bara zima. Utaanzia wapi?

Walianzia kaskazini mwa bara hilo. Wakamkuta kidung'ata kwenye muhogo, anafanana na wa Afrika kiasi cha kudanganya macho ya mtaalamu. Wadudu wanaomshambulia wakakusanywa na kujaribiwa, lakini kwa kidung'ata wa Afrika hawakufaa kitu. Baadaye ikabainika kwamba yule ni spishi nyingine kabisa, ambayo leo inaitwa Phenacoccus herreni. Yule ana madume na majike. Wa kwetu, Phenacoccus manihoti, ni majike watupu, wanazaa bila dume. Miaka ilikwenda, fedha zikaenda, na muhogo ukaendelea kunyauka.

Mwaka 1981 Tony Bellotti wa kituo cha CIAT cha Kolombia alimkuta mdudu mwenyewe Paraguay, mbali kusini. Huko kulikuwa na nyigu mdogo sana, Anagyrus lopezi, ambaye hutaga mayai yake ndani ya kidung'ata huyo. Nyigu akapitishwa karantini Uingereza, akaletwa kituo cha IITA, Nigeria, na mwaka huohuo akaachiliwa mashambani. Akaenea, akasambazwa nchi nyingine nyingi za Afrika, ikiwemo yetu, na kidung'ata akapungua sehemu kubwa ya bara bila mkulima kununua hata chupa moja ya sumu. Hans Herren, aliyeongoza kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1995. Na kidung'ata huyohuyo alipoibuka Thailand mwaka 2008, Wathai hawakuanza upya kuzunguka Amerika ya Kusini. Walimchukua nyigu kutoka kituo cha IITA kilichoko Benin.

Tafakari hapo. Tiba ilikuwepo siku zote. Kilichokosekana ni anwani. Vinasaba visingewapandisha wale wataalamu ndege hadi Paraguay, hilo nakubali. Mtu bado angepaswa kwenda kutafuta. Lakini leo kipande kimoja kidogo cha DNA kingewaambia ndani ya siku chache kwamba yule wa kaskazini siye, wasihangaike naye.

Desa na makosa yake

Sasa safari inasomwaje? Kwa wenzangu wa sheria, biashara na ualimu, nitatumia kitu tunachokijua wote: madesa.

Chukua desa lililoandikwa kwa mkono na mtu wa mwaka wa tatu. Anayelinakili anakosea neno moja ukurasa wa nne. Anayenakili kutoka kwake anarithi kosa hilo na kuongeza la kwake. Baada ya miaka mitano, hosteli hii ina desa lenye makosa yake, na hosteli ile ina lenye makosa mengine. Ukimkuta mtu wa chuo kingine ana desa lenye kosa la ukurasa wa nne, huhitaji kumuuliza kalitoa wapi.

Vinasaba navyo hunakiliwa kizazi hadi kizazi, na makosa madogo ya kunakili hubaki. Wadudu walioishi bonde moja kwa muda mrefu wana makosa yao ya nyumbani, na wa bonde jingine wana ya kwao. Alama za vinasaba ni hayo makosa tuliyoyachagua kuyafuatilia.

Ziko za aina kadhaa. Kuna kipande cha DNA ya mitokondria kiitwacho COI, kinachosomwa kwa urefu wa herufi kama 650. Hiki hurithiwa kwa mama tu, na kinafaa sana kutofautisha spishi moja na nyingine. Kuna maikrosatelaiti, yaani sehemu ambapo herufi chache zinajirudia, kwa mfano CACACACA, na idadi ya marudio inatofautiana kati ya mdudu na mdudu. Alama za namna hii ndizo zinazotumika pia kwa binadamu, watu wanapogombana nani baba wa mtoto. Halafu kuna njia ya siku hizi, ambayo gharama yake imekuwa ikishuka: kusoma maelfu ya herufi mojamoja zinazotofautiana katika jenomu nzima.

Juu ya hapo kuna dalili ya safari yenyewe. Wadudu hawavuki bahari wote. Wanavuka wale wachache waliokuwa ndani ya kreti lile, na aina nyingi za vinasaba zinabaki nyumbani. Tuseme alama moja kule kwao ina matoleo kumi, na huku kwetu ina mawili, na hayo mawili yote yamo kwenye yale kumi. Hapo una fununu nzuri ya nani kamzaa nani. Unachukua alama nyingi, sehemu nyingi, unaiachia kompyuta ilinganishe hadithi mbalimbali: kaingia mara moja, kaingia mara mbili, kapitia nchi ya tatu. Inakuonyesha ni hadithi ipi inaendana zaidi na ushahidi.

Jibu linabadilisha nini?

Tumchukue kantangaze. Aliandikwa kisayansi kwa mara ya kwanza mwaka 1917, kutoka Peru. Kwa miongo mingi alikuwa balaa la Amerika ya Kusini peke yake. Mwishoni mwa 2006 akaonekana Hispania, na ilipofika 2008 Moroko, Aljeria na Tunisia zilishampata. Miaka sita baadaye akawa kwetu. Watu waliuliza: ameingia mara ngapi? Mwaka 2015 Thomas Guillemaud na wenzake walichapisha jibu, baada ya kulinganisha maikrosatelaiti za wadudu wa Amerika ya Kusini na wa nchi za Mediterania. Uvamizi ule wa Mediterania ulitokana na tukio moja tu la kuingizwa, kutoka Chile ya kati.

Tukio moja. Soma tena. Mwenye bandari anayesema "mzigo mmoja hauna neno" ana jibu lake hapo.

Lakini kuna la pili, na hili ndilo linalomgusa moja kwa moja mkulima wa Kilolo au Ngarenanyuki. Mdudu akitoka mahali alipopigwa dawa kwa miaka mingi, hasafiri na njaa tu, anasafiri na ustahimilivu wake. Mabadiliko ya jeni yanayomkinga kantangaze dhidi ya viuatilifu vya kundi la pairethroidi yamekutwa kwa wadudu wa Amerika ya Kusini na wa Ulaya pia. Sasa mkulima wetu anaingia duka la pembejeo, anauziwa pairethroidi, anapiga, mdudu anacheka. Anaongeza dozi. Anapiga kila baada ya siku tatu. Mwishowe anasema dawa ni feki. Inawezekana ni feki kweli, zipo nyingi. Lakini inawezekana pia dawa ni halisi, na mdudu ndiye aliyefaulu mtihani huo kabla hajapanda meli. Kama unajua ukoo wake, unajua mitihani aliyoifaulu, na humuuzii mkulima karatasi ya zamani.

Sasa mgeukie mdudu wa mizizi ya mahindi, Diabrotica virgifera, wa Amerika ya Kaskazini. Ulaya ilimgundua karibu na Belgrade mwaka 1992, na wengi wakadhani wote waliofuata ni wajukuu wa yule wa kwanza. Utafiti wa vinasaba uliotoka mwaka 2005 ukaonyesha kwamba aliingia Ulaya angalau mara tatu, kila mara akivuka Atlantiki upya. Somo lake ni kinyume cha lile tunalolipenda. Tunapenda kusema "ameshaingia, ukaguzi wa nini tena?" Kumbe kila kundi jipya linaweza kuleta ustahimilivu mpya na damu mpya ya kuliimarisha lile la kwanza. Kufunga mlango baada ya mwizi kuingia siyo ujinga, kama nje kuna wezi wengine.

Viwavijeshi vamizi ndivyo vinavyofundisha unyenyekevu. Kwao Marekani na Amerika ya Kusini kuna aina mbili zisizotofautishika kwa macho: moja inapenda zaidi mahindi, nyingine mpunga na nyasi. Vipimo vya kwanza vya wadudu wa Afrika vilielekeza upande wa Florida na visiwa vya Karibi. Lakini COI ya wengi wao ilisema ni aina ya mpunga, wakati jeni iitwayo Tpi, iliyo kwenye kromosomu ya jinsi, ilisema ni aina ya mahindi. Na shambani walikuwa wanakula mahindi. Yaani ukisikiliza upande wa mama peke yake, unamwambia mkulima wa Mbarali ajiandae kwa vita ambayo iko Mbozi. Baadaye, watafiti waliposoma jenomu nzima za wadudu kutoka mabara mbalimbali, katika kazi iliyotoka mwaka 2022, ile picha nyepesi ya "waliingia mara moja Afrika Magharibi, wakasambaa kuelekea mashariki" ikavurugika. Ushahidi ukaonyesha kuingizwa kwingi na kwa njia ngumu zaidi. Na humo ndani ya vinasaba vyao yamekutwa pia mabadiliko yanayohusiana na kustahimili viuatilifu vya organofosfeti. Tena dawa ambazo watu wetu walizikimbilia mwanzoni.

Mwisho, nzi wa matunda. Alipogunduliwa hapa kwetu alionekana ni tofauti na jamaa zake wa Asia, akapewa jina jipya mwaka 2005: Bactrocera invadens. Jina tu, utasema. Lakini kwenye biashara ya matunda jina ni pasipoti. Nchi inayonunua embe inauliza una mdudu gani na unamuua vipi. Kama mdudu wako ni "mpya", uthibitisho uliokwisha kufanywa kwa jamaa yake hautoshi. Ilichukua takriban miaka kumi ya kulinganisha vinasaba, maumbile, harufu za kuvutia wenza na hata kupandana kwao, ndipo watafiti wakakubaliana kwamba ni yuleyule Bactrocera dorsalis wa Asia. Katikati ya hapo, mwaka 2014, Kenya ilisitisha yenyewe kupeleka maembe Ulaya kwa sababu ya nzi wa matunda, na ikachukua miaka kadhaa kurudi. Na kwa kuwa jamaa yake wa Asia alikuwa ameshavamia Hawaii zamani, kituo cha icipe cha Nairobi kilijua pa kwenda: kilimleta kutoka Hawaii nyigu mdogo Fopius arisanus, anayeshambulia mayai ya nzi huyo. Tumerudi palepale kwa kidung'ata. Ukijua ukoo, unajua na maadui wa ukoo.

Wanaopinga wana hoja

Sitaki kuuza vinasaba kama mganga anavyouza hirizi. Hoja za kupinga zipo, na mbili ni nzito.

Ya kwanza: kompyuta haijui kusema "sijui" kwa hiari. Ukiiletea wadudu wa Chile, Peru na Brazili, itakuchagulia mmoja kati ya hao, hata kama mzazi halisi yuko bonde ambalo hakuna aliyefika kuchukua sampuli. Na mdudu anaweza kuwa amepitia kituo cha katikati. Yule kimamba wa Asia mwenye madoa, Harmonia axyridis, alisambaa mabara kadhaa, na vinasaba vilionyesha kwamba chimbuko la uvamizi huo mkubwa lilikuwa mashariki mwa Amerika ya Kaskazini, ambako alikuwa ameshavamia, siyo Asia moja kwa moja. Kwa hiyo matokeo ni mazuri kwa kadiri sampuli zilivyo nyingi. Hoja hii naikubali, na ndiyo ninayoijenga hapa chini.

Ya pili ni ya kisiasa. Tukisema mdudu katoka nchi fulani, si tutaanza kulaumiana na majirani, kufunga mipaka na kumwaga malori ya matunda? Hatari hiyo ipo. Lakini kutafuta asili siyo kutafuta mchawi. Na kama ni lawama, hata sisi tunadaiwa. Nzi wa matunda anayeitwa wa Mediterania, Ceratitis capitata, aliyeitesa Ulaya, Hawaii na California, siyo wa Mediterania hata kidogo. Asili yake ni Afrika, kusini mwa Sahara, na huku ndiko vinasaba vyake vilikokutwa na aina nyingi zaidi. Amebeba jina la watu wengine tu. Mizigo inakwenda na kurudi, na wadudu vilevile. Bila ushahidi wa vinasaba ndipo lawama zinapotolewa kwa mdomo, na mwenye mdomo mkubwa ndiye anayeshinda.

Pipa la taka la maabara

Sasa tuje kwetu. Kila mwaka, wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa kilimo, baiolojia na misitu wanatega mitego. Wengine wanahesabu nzi kwenye maembe, wengine kantangaze, wengine wanapekua magunia ya mahindi. Wadudu wanakusanywa kwa mamia, kutoka vijiji ambavyo hakuna mtafiti wa nje atakayefika. Wanahesabiwa, wanaingia kwenye jedwali, ripoti inatetewa, supavaiza anasaini. Halafu chupa zinaoshwa ili wa mwaka ujao azikute safi.

Hapo ndipo roho inauma. Wale wadudu ni ushahidi ambao hauwezi kurudiwa. Hakuna anayeweza mwaka 2040 kwenda kukusanya nzi wa msimu huu. Tukiulizwa siku hiyo kama kundi sugu lililoibuka ni wale wa zamani waliobadilika au ni wageni wa pili, tutakuwa na jedwali lenye idadi tu, na idadi haina vinasaba. Ile hoja kwamba sampuli ni chache, sisi wenyewe ndio tunaoifanya iwe kweli.

Na kutunza siyo kazi ya mamilioni. Mdudu akiwekwa kwenye ethanoli ya asilimia 95 na kuhifadhiwa kwenye friza, DNA yake inakaa vizuri kwa miaka. Spiriti iliyochanganywa sana na maji haitoshi kwa muda mrefu, na formalini inaharibu, kwa hiyo hilo lifundishwe kabla watu hawajaenda porini. Lebo iandikwe kwa penseli na iwekwe ndani ya chupa, maana wino wa peni unayeyuka kwenye ethanoli na kukuachia karatasi tupu: kijiji, vipimo vya GPS, tarehe, zao, jina la aliyekusanya. Mdudu asiye na lebo ni uchafu. Mwenye lebo ni rekodi. Hata wale waliochomwa pini kwenye masanduku hawajapotea, kwa sababu mguu mmoja tu unaweza kutosha kutoa DNA, na mwili ukabaki salama kwa kutazamwa.

Mtu atasema mashine za kusoma vinasaba hatuna za kutosha. Kweli. Lakini sampuli iliyotunzwa inaweza kusubiri mashine. Mashine haiwezi kusubiri sampuli iliyomwagwa. Na sehemu kubwa ya kazi haihitaji mashine ya maabara. Mifuatano ya COI ya wadudu kutoka dunia nzima imewekwa wazi kwenye hazina za GenBank na BOLD, na programu nyingi za kuichambua ni za bure. Mwenzetu wa takwimu au kompyuta mwenye laptopu na bando anaweza kuanza leo, akafanya projekti nzima bila kushika mdudu hata mmoja.

Kwa hiyo ninaomba mambo manne, na ninaomba serikali ya wanafunzi iyabebe kama inavyobeba suala la bumu na vyumba.

Moja, kila projekti inayohusu wadudu ikabidhi sampuli chache zenye lebo kamili, na supavaiza asisaini ripoti ya mwisho kabla hazijapokelewa. Mbili, chuo kitenge friza moja na daftari moja la kuandikisha, lenye mtu anayewajibika, siyo friza la kuwekea maji ya kunywa ya ofisi. Tatu, orodha ya tulichonacho ipelekwe kwa wanaohitaji kuijua: mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, vituo vya utafiti wa kilimo, na wenzetu wa icipe. Nne, sampuli zikienda kusomwa nje, nusu ibaki hapa, na jina la mwanafunzi aliyezikusanya lionekane kwenye kazi itakayochapishwa. Tumechoka kuwa watu wa kushukuriwa mstari wa mwisho.

Hakuna kati ya hayo linalosubiri wafadhili. Msimu wa maembe unaanza kabla ya mitihani ya muhula huu, na watu wa mwaka wa tatu wameshaanza kuomba mitego stoo. Wapewe na ethanoli. Wapewe na penseli.